Wazee Watano Waliopimwa Jikoni

Kofia yake ndiyo niliyoiona kwanza. Nilikuwa barazani kwangu Buzuruga, nyuma ya stendi, nimeinamia kaptura ya shule, mara kivuli chenye pembepembe kikatambaa juu ya cherehani yangu. Nikainua macho. Mabondo! Mtu kavaa mabondo kichwani. Kwa asiyekaa na ziwa nieleze: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara, na wanunuzi wanakigombania pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kuliko samaki mwenyewe. Sasa huyu mama alikuwa ameyakausha, ameyapaka manjano, ameyapanga kichwani kama ua lililofunguka asubuhi, na anakatiza nayo stendi kama mtu aliyejifunga kilemba cha kawaida. Chini ya kofia, gauni la nyavu za dagaa juu ya kitambaa cheusi. Chini ya gauni, viatu, kimoja kijani kimoja chekundu. Wapiga debe waliacha kuita abiria. Hilo sijaliona kabla ya siku ile wala baada yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Nimeambiwa wewe ndiye fundi mwenye mkono mtulivu kuliko wote hapa. Unaweza kushona ngozi ya samaki?"

Nikamwambia ngozi ya samaki kwetu inaparuliwa magamba, inakaangwa, inaliwa.

"Hiyo ya kwenu. Hii ya kwangu inavaliwa." Akatoa kwenye mkoba kipande, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa laini kama sikio la ndama, na alama za magamba zimebaki juu yake kama maji yanayopigwa na upepo mdogo. Nikakinusa. Hakikuwa na harufu. Miaka yote hiyo nimeishi kando ya ziwa hili, nimekula sangara mpaka meno yameisha, na sikuwahi kujua kwamba amevaa nguo nzuri namna ile.

Nilivunja sindano tatu siku hiyo. Ya nne ikakubali. Tangu hapo nikawa fundi wake, yapata miaka kumi na zaidi sasa, na bado kila akiingia mlangoni nasimama. Yeye ananikaripia, "Kaa mzee wangu, mimi ni mwanao." Nakaa. Lakini kwanza nasimama.

Mimi elimu yangu ni darasa la tatu. Baba alinitoa shule nikachunge, na ng'ombe wenyewe wakaja kufa kwa ugonjwa, nikabaki sina ng'ombe sina darasa la nne. Cherehani nilijifunza kwa kumtazama fundi mmoja mjini mwezi mzima, mimi nikiwa nafagia vipande vya nguo, mpaka akachoka kutazamwa akanipa kiti. Nayasema haya ili ujue kwamba ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho. Ya kusoma sina.

Yeye ni Mhaya wa Kagera, binti wa mwalimu aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Nyumbani kwao kulikuwa na kahawa, migomba na vitabu. Alinisimulia kwamba alianzia kwenye majoho ya kwaya. Mchungaji alimpa kitambaa cheupe, akamwambia shona ya kawaida. Akashona yenye mikono mipana kuanzia kiunoni, kwamba wakiinua mikono kusifu, kwaya nzima iwe kama yangeyange wanaoruka. Jumapili wakainua mikono. Watoto wakapiga makofi, mzee mmoja akadondosha kitabu cha nyimbo. Jumatatu akaitwa ofisini. Jumatano akapanda meli ya Mwanza na begi moja na kichwa cha cherehani amekifunga kwenye blanketi kama mtoto.

Hapa Mwanza alianzia chini. Alifanya kazi Nyakato kwenye kiwanda cha minofu, buti nyeupe mguuni, akiona ngozi zinavyosukumwa nje kwa koleo. Wenzake walikuwa wanawahi mapanki, ile mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu, ya kwenda kukaanga, yeye anabeba ngozi. Wakamwita mwehu. Aliziloweka kwenye ndoo, akajaribu chumvi, akajaribu magome ya miti, mwenye nyumba akamfukuza kwa uvundo. Akahamia nyumba nyingine, nako akafukuzwa. Ya tatu mwenye nyumba alikuwa mzee asiyesikia harufu, ndipo sanaa ikapona. Mimi huwa nasema Mungu aliifunga pua ya yule mzee kwa makusudi.

Baadaye akaanza kununua mitumba, anaipasua na kuiunga upya, koti la baridi linatoka gauni la harusi, na mabibi harusi wa mjini wakaanza kupanga foleni. Akasafirishwa nchi za watu kuonyesha nguo. Alirudi na picha, kasimama katikati ya watu warefu weupe, na bado yeye ndiye unayemwona.

Lakini sifa hizo si kitu. Nataka kukueleza alivyoyaingia mambo ya vikongwe.

Ilikuwa siku ya harusi, familia yenye uwezo, nyumba ya ghorofa inayotazama ziwa. Tulikwenda kumvisha bibi harusi, mimi nikiwa na sindano na pini kwa ajili ya marekebisho. Katika kutafuta choo, yeye akafungua mlango usio wake. Ndani ameketi kikongwe juu ya ndoo iliyofunikwa, peke yake, kati ya viatu vya wageni. Macho yake mekundu kama nyanya.

Akarudi sebuleni akauliza, "Yule bibi ni nani?"

"Bibi yake bibi harusi, mzaa mama," wakamjibu.

"Mbona hajavaa?"

Shangazi mmoja akavuta mdomo. "Yeye atabaki nyumbani. Macho hayo, dada, unajua watu watakavyosema."

Basi nikamwona analichukua gauni la bibi harusi, lile la ngozi ya sangara na shanga, kazi ya miezi miwili, analikunja mara nne kama shuka, analiweka kwenye kiti, halafu analikalia.

"Bibi akivaa, bi harusi atavaa."

Wakapiga kelele. Wakabembeleza. Bwana harusi akapiga simu kutoka kanisani. Yeye amekaa tu, mguu wa kijani juu ya mguu mwekundu. Mama wa bibi harusi akasema, "Jamani, hata nguo ya kumvalisha hatuna!" Hapo akainuka, akapanda juu ya kochi na viatu vyake, akayashusha mapazia ya sebule, mapazia ya maua, akanitupia. "Mzee wangu, mkono mrefu, kola ya kusimama. Nusu saa."

Nikashona. Nimeshona mengi, lakini sijapata kushona nikiwa nalia kama siku ile. Kikongwe akaingia kanisani mbele ya maandamano, amevaa pazia, na watu wakasimama.

Tangu hapo hakulala. Akaenda vijijini, akakaa na vikongwe, akasikiliza. Kwetu Usukumani hilo jambo ni baya na nalisema bila kuficha: bibi akizeeka macho yakawa mekundu, wanasema mchawi. Mtoto akifa, wanamtazama. Mvua ikikataa, wanamtazama. Wengine wamekatwa mapanga. Na macho yenyewe yanaletwa na moshi tu. Kuni hakuna, miti imekwisha, watu wanapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na miti ya pamba, mwanamke anainamia moshi ule tangu utoto hadi uzee. Kila mtu analijua. Mimi nalijua. Kujua hakutuzuii kuogopa.

Akawaleta mjini vikongwe kumi na wawili, akawavisha, akawatembeza kwenye onyesho katika hoteli ya ziwani. Kila mmoja gauni lake, na kila gauni lina uwekundu uleule wa macho yake. Alichanganya rangi huku amemshika bibi kidevu, anamtazama jichoni, anarudi kwenye sufuria kuongeza. Nilikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni. Kikongwe wa kwanza alipotoka, ukumbi ukanyamaza, nikadhani tumekwisha. Kumbe walikuwa wameshindwa kupumua.

Wapo waliomtukana. Redioni mtu mmoja alisema anawatumia wazee wa watu kujipatia jina. Dirisha la duka lake likapigwa jiwe. Yeye akaliokota, akalivisha kitambaa, akaliweka pale pale dirishani liuzwe. Mtu akalinunua! Sasa mtu wa namna hiyo utamfanyaje?

Ngoja nirudi. Nimechelewa makusudi, kwa sababu sehemu hii inanihusu na ni ya aibu.

Mimi nina dada, mkubwa wangu, tumbo moja. Anaishi kijijini mbele ya Kisesa, mjane, ana ng'ombe wanne na nyumba aliyoachiwa na marehemu. Macho yake ni mekundu. Tena sana. Nami ndugu yake, niliyeyashona yale magauni ya vikongwe kwa mkono wangu, nilikuwa namwogopa. Nilipofiwa na mwanangu wa pili, mtu alininong'oneza jambo msibani, na lile neno likaingia likakaa. Nikawa nakwenda kumsalimia mara moja moja. Akipakua chakula nasema nimeshiba, nimekula Kisesa. Miaka mingi nimekula Kisesa.

Basi mwaka mmoja kwa jirani yake alifariki mtoto mdogo. Wiki iliyofuata dada akakuta mlango wake umekatwa alama tatu za panga. Halafu habari ikanifikia Buzuruga kwamba dagashida, yaani baraza letu la kijiji la kimila, itakaa Jumamosi kuamua kama atengwe. Kutengwa ni hivi: hakuna wa kukusalimia, mashine ya kusaga haipokei mahindi yako, ukifa hakuna wa kukuchimbia. Atakayekusalimia anatozwa ng'ombe. Mjane wa umri ule akitengwa, ni kama kumwambia aondoke. Na wengine wakishatengwa, mapanga hayakawii.

Siku ile nikawa nashona vibaya. Yule mama akasimama nyuma yangu.

"Mzee wangu, leo unashona kama mtu anayefukuza nzi. Kuna nini?"

Nikamweleza yote, hata la Kisesa. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Akavuta kigoda akaanza kuniuliza maswali ya ajabu.

"Jiko lake liko wapi?"

"Nje, kibanda cha udongo."

"Lina dirisha?"

"Halina."

"Wazee wanaoamua ni wangapi?"

"Watano."

"Wana wakwe pale kijijini? Wake za watoto wao?"

"Kijiji kizima ni wakwe zao!"

"Na nyumba anayolala dada yako, mwanamume anaweza kuingia?"

"Kwa mjane? Na anayesemwa mchawi? Hata umburute na trekta."

Akatabasamu. Nikafikiri amepata wazimu kweli sasa.

Kesho yake alipita kwanza Bujora, kwenye makumbusho, akazitazama picha za watemi wa zamani na mavazi yao, akachora. Kisha akaenda kijijini na kofia yake ya mabondo. Akawaamkia wazee, akapiga goti na gauni lile lote likamwagika chini kama ziwa. Akasema anataka kushona majoho matano kama ya watemi, ayaonyeshe mjini, yakishaonyeshwa yawe ya wazee wenyewe.

"Bure?" akauliza mwenyekiti wao wa dagashida.

"Bure, baba. Ila vipimo nachukua Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa dada wa fundi wangu. Jumapili nasafiri."

Wakanong'onezana. Kwenda kwa yule mwanamke, tena asubuhi ya kikao? Lakini joho la mtemi, jamani. Mwenyekiti ndiye aliyetoa hukumu: "Kupimwa si kusalimiana. Na bado hajatengwa."

Jumamosi tukafika mapema na gari la mizigo, ndani mna kioo kirefu cha dukani kwake kimefungwa magodoro. Dada alikuwa ameketi mlangoni, pembeni ya zile alama za panga. Yule mama akamwamkia, akamshika mikono, akamwambia kitu kimoja tu: "Bibi, leo una wageni. Wapikie."

"Nipike nini?"

"Kinachochelewa kuiva."

"Michembe," dada akasema. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa, tunavipika na karanga, kwetu ndicho chakula cha mgeni.

"Na kinyesi cha kuwashia, kisikauke sana."

Dada akamtazama kwa yale macho yake. "Binti, wewe kwenu mnapikia mavi mabichi?"

"Kwetu tuna kuni, bibi. Ndiyo maana sisi hatuitwi wachawi."

Dada akageuka akakitazama kile kibanda chake cha jiko. Kisha akacheka, akainuka na ungo wake kwenda zizini. Yeye alielewa kabla yangu.

Wazee wakaja. Na kijiji kikaja nyuma yao, maana habari ya majoho ilikuwa imeenea, wanawake na watoto wamejaa uani. Mwenyekiti akavua koti, akashika kifungo cha shati, akageuka. Wakwe zake watatu wamesimama pale wanamtazama. Mkono ukakwama. Mwanamume wa Kisukuma kuvua shati mbele ya mkwe wake? Heri alale njaa.

"Tuingie wapi?" akauliza.

Yule mama akaonyesha nyumba ya kulala. Wazee wote watano wakarudi nyuma hatua moja, kama waliopangwa.

"Basi jikoni," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Hakuna pengine penye ukuta."

Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mwanamume mzima wa kwetu akiingia jikoni kukaa. Anasimama mlangoni, anauliza chakula, anaondoka. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia jikoni kwa dada yangu. Siku ile tuliingia saba: wazee watano, yule mama na daftari, mimi na tepu. Moto ulikuwa umeshika, michembe inatokota, na moshi umejaa kutoka paani hadi kifuani. Chini palikuwa na nafasi ya hewa ya kumtosha mbuzi.

"Mzee wangu, anza na mwenyekiti. Bega kwa bega."

Nikapima. Nikataja. Akaandika.

"Rudia. Joho la mtemi halikosewi."

Nikarudia. Mwenyekiti akakohoa. "Binti, moshi huu..."

"Pole baba. Michembe ya wageni. Kiwiko mpaka kifundo, mzee wangu."

"Mama wee!" akalia mzee wa pili kutoka pembeni. "Hawa wanawake wanakaaje humu?"

"Chutama," akasema wa tatu. "Chini kuna hewa."

"Nikichutama atanipimaje?"

"Acha kupimwa basi, joho lako nipe mimi."

"Thubutu!"

Wakacheka, wakakohoa, wakacheka. Machozi yananitiririka sioni namba, natafuta kwa kidole. Shingo, kifua, kiuno, urefu wa nyuma, urefu wa mbele, na kila kimoja mara mbili. Kila mzee na zamu yake, na anayesubiri hawezi kutoka kwa kuwa ameshavua shati na nje kuna wakwe. Nilipojaribu kwenda mbio, yule mama aliniambia taratibu, "Usiwahi." Yeye hakuchutama hata mara moja. Alisimama wima katikati ya ule moshi, kofia imepotea juu, anaandika kwa mkono ulionyooka. Mimi niliyezoea kumstaajabia, pale niliogopa. Niliona mtu aliyeamua kuchomwa macho kwa ajili ya mwanamke aliyekutana naye asubuhi ile ile.

Tulipotoka jua lilikuwa juu. Kile kioo kilikuwa kimeshashushwa garini, kimeegemezwa kwenye zizi.

"Wazee wangu, karibuni mjitazame mlivyosimama, nijue joho likae vipi."

Wakasogea, wanafunga vifungo. Wakajitazama. Nami nikajitazama katikati yao. Tulikuwa watu sita, na macho yetu yote kumi na mawili mekundu, yamevimba, yanachuruzika.

Watu uani wakasogea kutazama. Kisha mwanamke mmoja mzee, sijui wa nyumba gani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwenyekiti, macho hayo umeyatoa kwa nani?"

Kicheko kilianzia kwa wakwe, tena kwa mikono mdomoni, maana mkwe hachekwi. Kikashindwa kuzuilika. Mwenyekiti hakucheka. Akajifuta, akajitazama tena, karibu, pua inagusa kioo.

"Ni moshi," akasema. Halafu, kama anayejisemea, "Na sisi tumekaa asubuhi moja tu."

Nikamgeukia yule mama, nikijua sasa atahutubia. Anaweza kuhutubia mpaka ukuta ukubali. Hakusema neno. Alikuwa anavingirisha tepu yangu. Nadhani kile kimya ndicho kitu kikubwa kuliko gauni lolote alilopata kutengeneza.

Dada akaleta michembe. Akampa kila mzee, na kila mzee, kwa njaa na kwa kuduwaa, akala. Akaja kwangu na sahani. Nikapokea kwa mikono miwili nikaanza kula. Yeye akasimama juu yangu.

"Leo hukula Kisesa?"

Alijua. Miaka yote alikuwa anajua, na kila nilipokwenda alipakua. Nikaiinamia sahani. Akasema, "Kula, mdogo wangu, inapoa," akaenda zake.

Dagashida ilikaa mchana kwenye uwanja wa ghala la pamba. Wazee wakakaa mbele na macho yao yale, wanapangusa na mashati. Kijana mmoja akasimama kwa hasira: mtoto amekufa, nani atajibu? Na ni kweli, mtoto alikuwa amekufa, na hakuna kioo cha kufuta hilo. Mwenyekiti akamwita mama wa marehemu, jirani, mwanamke bado kijana, shuka la msiba kichwani.

"Wewe ndiye mwenye uchungu. Sema."

Akaanza kulifungua na kulifunga upya lile shuka. Dada yangu alikuwa ameketi peke yake upande wa pili, mikono kwenye magoti. Mimi nikahama nilipokuwa nikaenda kukaa kando yake. Ni kitendo kidogo, na kilikuwa kimechelewa, lakini nilikifanya.

Yule mama mfiwa akasema, "Mwanangu alishikwa homa Jumatatu. Zahanati nilimpeleka Ijumaa." Akafunika uso. Hakuna aliyemlazimisha kuongeza.

Mwenyekiti akasema hakuna shauri. Mwenye shauri aje na ushahidi, na asije na habari za macho, maana hata yeye leo anayo.

Nikaenda kumtafuta yule mama nimpe habari. Nilimkuta nyuma ya gari, amevua kofia na viatu, ameinamia ndoo, anajimwagia maji usoni. Kope zilikuwa zimevimba hata hanioni.

"Nani?"

"Mimi, fundi. Hawakumtenga."

Akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake lote. "Asante Mungu," akasema. "Mzee wangu, nitungie uzi ile sindano ya mkobani, pindo limefumuka. Mimi sioni." Nikamtungia. Wiki nzima iliyofuata hakuweza kushona, na gauni moja la harusi alilipeleka kwa fundi mwingine. Majoho ya wazee aliyashona yote matano, kola za ngozi ya sangara, na hakuna linalofanana na lingine. Nimemwona mwenyekiti na lake kwenye misiba. Anatembea nalo polepole.

Jioni kabla ya kuondoka nilimwambia dada twende Buzuruga apumzike siku chache. Akakataa. "Nikiondoka leo watasema nimekimbia. Wewe nenda kashone."

Tulikuwa bado tunabishana uani, ndipo mwanamke akaja kwa njia ya zizini, akasimama mbali kidogo. Ni yule jirani mwenye msiba. Mkononi ameshika kigae cha chungu kilichovunjika. Hakunitazama mimi.

"Mayu," akamwita dada yangu, mama, kwa Kisukuma. "Nimekuja kuomba moto. Wangu umezimika."

Dukani viberiti vilikuwepo, na duka liko karibu kuliko kwa dada. Sote watatu tulijua. Dada akaingia jikoni, akakaa humo kidogo, akatoka na kaa moja jekundu amelibeba kwa vijiti viwili. Akaliweka kwenye kigae, akalifunika na majivu lisizimwe na upepo wa ziwa. Yule mwanamke akaweka kiganja juu yake, akageuka, akaenda nalo kwake taratibu, huku amelitazama.